Duara la Mtu, Duara la Maumbile: Shajara ya Mradi

Wiki ya 1

Tumepata swali. Limetuchukua vikao vitatu, maana kila tulipoliandika lilitoka kubwa kuliko uwezo wetu. Sasa linasomeka hivi: mtoto anayetoka nje kila wiki na kurudi mahali palepale, uhusiano wake na viumbe wengine hubadilika namna gani, na sisi tutajuaje kwamba umebadilika?

Washiriki ni wanafunzi 18 wenye umri wa miaka 11 hadi 13. Waendeshaji tuko watatu: mimi, mwalimu wa sayansi, na mwenzetu ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiongoza matembezi na kambi. Mahali ni kipande cha msitu chenye kijito, mwendo wa dakika 15 kwa miguu. Tutakwenda mara moja kwa wiki, saa mbili kila safari, kwa wiki 16.

Tulibishana kuhusu hizo saa mbili. Mwenzetu wa kambi alitaka siku tano mfululizo mlimani, na hoja yake ina uzito. Mwalimu Kurt Hahn alipoanzisha Outward Bound, shule ya mafunzo ya nje, mwaka 1941 huko Aberdovey, Wales, vijana walikaa karibu mwezi mzima wakipambana na bahari na milima ili wajenge ustahimilivu. Lakini hapo mlima ni uwanja wa mazoezi. Anayetazamwa ni kijana. Elimu ya mazingira nayo ina malengo yake matano tangu mkutano wa Tbilisi, Georgia, wa mwaka 1977, ulioandaliwa na UNESCO kwa kushirikiana na UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa: ufahamu, maarifa, mielekeo, stadi na ushiriki. Nayaheshimu malengo hayo, nimefundisha kwa kuyafuata. Ila darasani mara nyingi msitu hugeuka mgonjwa, na mwanafunzi akawa mtu wa kusomewa orodha ya maradhi. Mimi natafuta kitu cha kabla ya hapo: kufahamiana. Na kufahamiana, iwe na mtu au na mti, hakuji kwa ziara moja kubwa.

Tumekubaliana tuanze na safari za kila wiki. Kambi tumeiweka kando, hatujaitupa.

Wiki ya 2

Wiki nzima imeishia kwenye neno moja.

Tulipanga kutumia vipimo viwili vya uhusiano wa mtu na maumbile. Cha kwanza ni cha Wesley Schultz, cha mwaka 2002, chepesi mno: jozi saba za maduara, moja la mtu na jingine la maumbile. Katika jozi ya kwanza maduara yako mbalimbali, kisha yanazidi kuingiliana, hadi ya saba ambapo moja limelala juu ya mwenzake. Mtoto anachagua jozi inayomfanana. Cha pili ni cha Mayer na Frantz, cha mwaka 2004, chenye sentensi 14 ambazo mtu anaonyesha anakubaliana nazo kwa kiasi gani.

Tukakwama kabla ya sentensi ya kwanza. Tuseme "mazingira"? Neno hilo limetokana na kuzinga, yaani kuzunguka. Kinachozingira kiko pembeni, anayezingirwa yuko katikati. Ukimuuliza mtoto kama anajiona sehemu ya mazingira, neno lenyewe limeshamweka kando. "Asili" inavuta mawazo kwenye chanzo na ukoo. "Maumbile" ina mzizi mzuri wa kuumba, lakini tulipoijaribu kwa vijana wachache walianza kutazamana na kuziba midomo, kwa sababu wao neno hilo wamelizoea likitajwa kuhusu mwili. Ndipo mwalimu wa sayansi akasema: mbona tunalo "viumbe"? Kiumbe ni kilichoumbwa, na mtu yumo humo bila kuombewa nafasi. Tukaandika "viumbe wengine, maji na ardhi". Hilo "wengine" ndilo lililonifurahisha kuliko yote. Linamwambia msomaji kwamba na yeye ni kiumbe, bila kumhubiria.

Kisha kikazuka kikwazo kingine. Sentensi moja inauliza kama mhojiwa anajiona yuko ngazi ya juu kabisa katika mpangilio wa viumbe. Anayekubali hupunguziwa alama, kwa dhana kwamba anayejiweka juu amejitenga. Kijana mmoja katika majaribio alikubali kwa nguvu zote. Nilipomuuliza kwa nini, alijibu: "Mwalimu, mtu yuko juu, ndiyo maana ataulizwa." Yeye cheo amekiona kuwa amana. Kipimo kingemhesabu miongoni mwa walio mbali, na mimi ningeliamini jedwali kama nisingemuuliza. Sentensi tumeiacha, ila tumeongeza nafasi ya kuandika sababu.

Barua za ridhaa za wazazi zimerudi zote.

Wiki ya 3

Safari ya kwanza. Kazi ilikuwa moja: tembeeni dakika 20 kimya, mkirudi mniambie mmeona nani na nini.

Wakataja ndege, kipepeo, mjusi, sisimizi, buibui, ndege tena. Nilisubiri. Hakuna aliyetaja mti, na walikuwa wamesimama kivulini. Mmoja alisema "majani" kwa maana ya kitu ambacho mjusi alijificha chini yake. James Wandersee na Elisabeth Schussler waliipa hali hii jina mwaka 1999: upofu wa mimea. Maelezo yao yanaeleweka ukiwa pale chini. Mimea haikimbii, haiumi, iko pamoja kwa wingi na rangi zake zinakaribiana, kwa hiyo jicho huifanya kuwa pazia na kutafuta kinachosogea mbele yake. Jina la upofu silipendi, na si mimi peke yangu. Wako wataalamu wanaoona si haki kuutumia ulemavu wa watu kama lawama. Mimi naandika "kutoiona mimea" na kuendelea.

Saa ya pili tukafanya zoezi la mikono. Mmoja anafungwa kitambaa machoni, mwenzake anamwongoza hadi kwenye mti kwa njia ya kuzunguka. Aliyefungwa anaushika: magamba, mashimo, utomvu, mizizi inapoingia ardhini, upande wenye ubaridi. Anarudishwa alikotoka, anafunguliwa kitambaa, anautafuta. Binti mmoja alikwenda moja kwa moja kwenye mti mnene ulioinama, akaweka kidole kwenye kovu lenye umbo la sikio na kusema, "Ni huyu." Si "ni huu". Nimeliandika kama alivyolitamka.

Wiki ya 4

Kila mmoja amechagua kituo chake, mahali atakapokaa peke yake dakika 15 kila safari akiwa na daftari. Binti wa wiki iliyopita amekaa chini ya mti wake wenye sikio. Masharti ni mawili: wote tubaki katika umbali wa kusikia filimbi, na ukurasa uliokunjwa pembe hausomwi na mwalimu.

Wiki ya 5

Leo nimeharibu kitu, na ninataka kukiandika sawasawa.

Tulikuwa tukizunguka vituo wakati nyoka mwembamba alipopita juu ya majani makavu, kama hatua tatu kutoka nilipokuwa. Nikaruka nyuma na kupiga kelele. Nyoka akaenda zake. Hakuna aliyeguswa. Lakini tuliporudi kwenye vituo, wanafunzi wanne hawakutaka kukaa chini, na mmoja wao wiki iliyopita alilala kifudifudi akitazama sisimizi.

Usiku nikakumbuka majaribio ya Susan Mineka na wenzake ya miaka ya 1980. Walikuwa na tumbili waliolelewa maabara, ambao hawakuwa wakimwogopa nyoka. Waliwaonyesha tumbili waliokulia porini wakishtuka mbele ya nyoka, na wale wa maabara wakaipata hofu hiyo haraka, kwa kutazama tu. Picha za video zilipohaririwa ili mwenzao aonekane akishtushwa na maua, hawakuogopa maua. Maana yake, kwa jinsi ninavyoelewa, miili yetu ina mlango ulio wazi kwa hofu za aina fulani, na sura ya mwenzako ndiyo inayoamua kama hofu itaingia. Kwa wale wanne, sura hiyo ilikuwa yangu.

Hofu nayo ni uhusiano. Mtu anayemwogopa nyoka ana habari naye zaidi ya yule asiyejua kama yupo. Na hojaji yetu, pamoja na kuhangaika kote kuhusu maneno, haina swali hata moja la hofu wala kinyaa. Tunauliza kuhusu upendo tu, kisha tunashangaa watoto wakijibu kama walivyofundishwa.

Tumeandika utaratibu mpya, nami nimeufanyia mazoezi kwa sauti. Ukiona mnyama wa kukutisha: simama, sema ulichoona kwa sauti ya kawaida, rudi nyuma hatua mbili polepole, mwachie njia. Nyoka wengi huondoka wenyewe wakihisi mtikisiko wa ardhi. Kwa hiyo tutatembea kwa kukanyaga kwa kishindo kidogo, tutapekua majani kwa fimbo kabla ya kukaa, na wasiotaka kukaa chini watakaa juu ya gogo, bila kuchekwa.

Wiki ya 6

Radi. Tulihesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo: 21. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo ilikuwa kilomita 7 hivi kutoka kwetu. Kanuni yetu ni kwamba chini ya sekunde 30 tunaondoka, na haturudi hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Vituo vyetu karibu vyote viko chini ya miti, na chini ya mti ndipo mahali pabaya kabisa pa kukaa wakati huo. Tulisikiliza mvua tukiwa ndani ya jengo. Watoto walifanya hesabu ya kugawanya sekunde kwa tatu kupata kilomita, na wakaifanya hadi mawingu yalipopita.

Wiki ya 7

Mzazi mmoja alikuja kuuliza, kwa heshima: "Mwalimu, haya mambo ya kukaa chini ya mti yatamsaidia nini kwenye mtihani?"

Nilimweleza ninachokijua. Kuna utafiti wa Roger Ulrich uliochapishwa mwaka 1984, uliolinganisha wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji hospitalini: nusu dirisha lao lilitazama miti, nusu lilitazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti waliruhusiwa mapema kuliko wenzao, na dawa kali za maumivu walizihitaji mara chache kuliko wao. Kuna mwingine wa mwaka 2019, wa watu karibu 20,000 nchini Uingereza, uliohusisha kukaa nje kwenye maeneo ya asili angalau dakika 120 kwa wiki na watu kujisikia wenye afya njema. Nikamwambia pia kwamba huo wa pili hauthibitishi kuwa msitu ndio uliowapa afya, maana mwenye afya naye ndiye anayeweza kutembea. Na kuhusu mtihani sikumwahidi kitu. Ameridhika kuliko nilivyotarajia, nadhani kwa sababu sikumuuzia muujiza.

Jambo la pili la wiki ni zito zaidi. Kwa kuwa mvua ilitubakiza ndani tena, nilitoa somo kuhusu ukataji wa misitu, kupungua kwa spishi, joto la dunia. Nilikuwa na picha nzuri na nilisema ukweli mtupu. Darasa likanyamaza, na si ule ukimya wa kituoni. Madaftari ya siku hiyo yana kurasa nyingi zilizokunjwa pembe. David Sobel, mwandishi wa elimu ya mazingira, alitahadharisha kuhusu hili tangu miaka ya 1990: mtoto mdogo akibebeshwa maafa ya dunia kabla hajapata nafasi ya kuipenda, huenda akajifunza kuikwepa. Hawa wangu si wadogo sana, wala siamini wafichwe. Lakini mpangilio nilikosea. Mtu humpeleka mwenzake kwa ndugu kwanza amsalimie, ndipo amweleze kwamba ndugu huyo anaumwa.

Wiki ya 8

Madaftari yamebadilika, na sikugundua mara moja kilichoyabadilisha.

Kurasa za wiki za mwanzo zilikuwa za kumfurahisha mwalimu: "Leo nimejifunza kwamba miti ni muhimu." Wiki hii mwanafunzi yuleyule ameandika: "Sisimizi anabeba bawa la nzi. Limemzidi. Amelizungusha mara nne ndipo akapita." Nilichokifanya ni kuacha kuuliza "umejifunza nini". Sasa nauliza "kimetokea nini pale kwako?" Nilikuwa nikidai hitimisho kabla tukio halijaisha.

Wanasaikolojia Rachel na Stephen Kaplan walieleza kwamba tuna uangalifu wa kujilazimisha, ule wa hesabu na wa kuvuka barabara, nao huchoka. Upo pia uangalifu unaovutwa taratibu na mawingu, majani na maji, ambao haudai nguvu na huuacha ule wa kwanza upumzike. Ninauona usoni mwao kwenye dakika ya sita au ya saba. Kabla ya hapo wanakuna miguu, wanatafuta macho ya rafiki, wanaangalia jua limefika wapi. Kwa hiyo dakika 15 haziguswi, hata tukichelewa.

Wiki ya 9

Kijitoni. Maji ya kifundoni, karai jeupe, chujio, mawe. Ukigeuza jiwe penye mkondo wa haraka unakuta mabuu wanaohitaji maji safi yenye hewa nyingi. Penye tope lililotuama unakuta vijidudu vyembamba vyekundu, ambavyo wekundu wao ni hemoglobini, ileile inayobeba oksijeni katika damu yetu, na ndiyo inayoviwezesha kuishi penye hewa kidogo. Binti wa mti wenye sikio alitazama mkono wake, akatazama karai, asiseme kitu.

Tuliona pia buu la kereng'ende likirusha mdomo wake wa chini mbele kama mkono na kudaka windo. Wavulana wawili walilitazama nusu saa nzima. Huyo huyo ndiye atakayekuja kuwa yule wa mabawa ya kioo? Ndiyo, huyo huyo.

Sikuwa nimesema lolote kuhusu kurudisha mawe. Nilimsikia mmoja akimkaripia mwenzake: "Lirudishe kama lilivyokuwa, mwenye nyumba bado yumo."

Wiki ya 10

Hatukwenda. Mafua yamelipitia kundi.

Wiki ya 11

Tulimwalika mzee ambaye ameishi karibu na kijito tangu utoto wake. Kijana mmoja alimuuliza, "Babu, ulipokuwa kama sisi maji yalifika wapi?" Mzee akaweka kiganja kifuani. Watoto wakatazamana. Wiki mbili zilizopita madaftari kadhaa yaliandika kwamba kijito "kimejaa".

Daniel Pauly, mtaalamu wa samaki, aliandika mwaka 1995 kwamba kila kizazi cha wanasayansi wa uvuvi hukichukulia kiasi cha samaki kilichokuwepo walipoanza kazi kuwa ndicho cha kawaida, na kupungua huanza kuhesabiwa upya kutoka hapo. Sikuwa na haja ya kuwaeleza. Mkono wa mzee kifuani na maji ya kifundoni vilitosha, na wenyewe wakaomba kuweka fimbo yenye alama za sentimita ukingoni. Zamu ya kusoma fimbo wameipanga wao.

Wiki ya 12

Mti wenye sikio umekatwa.

Matawi yake yalikuwa yameegemea njia ya nyaya za umeme, na waliokuja kusafisha njia waliuondoa wote. Hakuna aliyefanya uhalifu, wala hakuna aliyejua kwamba pale palikuwa na kituo cha mtu. Binti alifika, akasimama, akaenda kukaa juu ya kisiki. Hakulia mbele yetu. Dakika 15 zilipoisha hakuinuka, na mwenzetu wa kambi alifanya jambo la busara kuliko lolote katika mradi huu: alikaa chini karibu naye, mbali kidogo, akanyamaza hadi alipokuwa tayari.

Sikufanya somo. Nilijizuia kwa nguvu, maana kila kitu kilikuwa pale: pete za kuhesabu, utomvu, hoja ya umeme na kivuli. Wiki ya 7 ilinifundisha.

Wiki ya 14

Wanafunzi wameomba tuzungumzie nyaya. Sasa wameomba wao. Mjadala ulikuwa mkali na wa haki: wapo wanaosoma usiku kwa taa ya umeme huohuo, na walisema hivyo. Mwishowe wameandika barua ya kuomba watakapokuja tena kusafisha njia tupewe taarifa kabla, ili ionekane kama kupogoa kunatosha. Ushiriki, lengo la tano la Tbilisi, umeingia kwa mlango ambao hatukuupanga.

Wiki ya 16

Maduara tena. Kila mmoja alijaza akiwa kituoni kwake, kisha tukaongea naye peke yake.

Wengi wamesogea upande wa kuingiliana, wengine wamebaki palepale. Wale wanne wa nyoka wamerudi kukaa chini, isipokuwa mmoja anayependa gogo. Yote hayo nitayaandika kwa mapana. Lakini siku nzima nimekuwa nikifikiria karatasi moja.

Wiki ya 2 binti wa mti alichagua jozi ya 5. Leo amechagua ya 3. Katika jedwali yeye ni mtoto aliyejitenga. Nilimuuliza, naye akaeleza bila haraka: "Mwalimu, walioukata ni watu. Na mimi ni mtu. Siwezi kujichora karibu namna ile, ni kama kujipendelea. Zamani niliweka tano kwa sababu nilikuwa sijui."

Tumebishana jioni yote. Mwalimu wa sayansi anashikilia kwamba namba isiguswe, ametaja 3 na ni 3, na kwa hilo ana haki. Mwenzetu wa kambi anasema tungetoa namba peke yake tungemsema uongo binti huyu, na kwa hilo pia ana haki. Mimi naamini ya leo ndiyo iliyo karibu zaidi, kwa kuwa ina aibu ndani yake, na mtu haoni aibu mbele ya asiyemjua. Tumeandika 3, na maneno yake yote kwenye safu ya pembeni, na tumeamua kwamba hakuna matokeo ya mtoto yeyote yatakayotoka nje bila safu hiyo.

Kwa awamu ijayo: maswali ya hofu na kinyaa yaingie kwenye hojaji, sentensi ya ngazi ya juu iulizwe pamoja na sababu yake, maduara yarudiwe baada ya miezi sita, na kambi ya siku tano ijaribiwe na kundi jingine, kama tulivyomwahidi mwenzetu.

Ufunguo wa sanduku la madaftari uko kwa mwalimu wa sayansi. Safari zinaendelea kwa wanaotaka tu, na hadi jioni hii wamejiandikisha 11. Kwenye safu ya kituo, binti wa mti ameandika: kilekile.